Ukuta wa Mataruma

Saa moja asubuhi Duane Hrabosky alitundika timazi kwenye msumari wake, kama alivyofanya kila siku tangu theluji iyeyuke, akangoja uzi utulie. Akapima kwa futi, akapima tena, akaandika kwa penseli kwenye ubao wa uzio. Mkewe Marlene alikuwa akimtazama kupitia dirisha la jikoni huku kahawa yake ikipoa. Hakuhitaji kuiona namba. Alimwona mumewe anajikuna kisogo, akajua ukuta umesogea tena.

"Kiasi gani?" alimuuliza alipoingia.

"Robo inchi."

"Kwa wiki?"

"Tangu jana."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mataruma, yale magogo ya kulazia reli, yamepangwa mwaka wa sabini na nne, kimo chake kikimzidi mtu mrefu, na kazi yake ilikuwa kukishika kilima kisiwashukie watu wa safu ya chini. Nyumba za Tannery Run zimejengwa hivyo, safu juu ya safu, nyumba na nyumba zimeshikana ubavu. Ziko arobaini na mbili. Ukishatoka nje ya mlango wako, kila kitu ni cha wote: mapaa, njia, miti, mitaro, na huo ukuta. Na cha wote kina chama cha wenye nyumba, na chama kina bodi. Kwa miaka kumi na moja bodi ya Tannery Run ilikuwa Duane mwenyekiti, Marlene katibu, na Phil Stottlemyer, wakala wa bima aliyestaafu, mweka hazina. Viti viwili vilibaki wazi. Hakuna aliyevitaka, maana kazi ya bodi haina mshahara ila matusi.

Duane alikuwa fundi wa mabasi ya wilaya kabla hajastaafu, na alikuwa na fahari moja kubwa maishani. Ada ya mwezi ilikuwa dola mia na arobaini na tano siku aliposhika uenyekiti, na mpaka leo ni hiyo hiyo. Aliishikilia kwa mikono yake mwenyewe. Theluji alisukuma yeye, mabati ya mapaa alipigilia yeye, mitaro alizibua yeye, na magoti ya miaka sabini yakamlipa anavyostahili. Watu walimpenda. Hakuna mtu anayependwa kama yule anayekuzuilia bili.

*

Phil alikuja saa nne, hakuvua koti. Aliweka makadirio ya mkandarasi ya kuujenga ukuta upya mezani, kati ya sukari na chupa ya maziwa.

"Elfu sabini na moja na mia nne," alisema. "Na huyu ndiye wa bei rahisi."

"Akiba tunayo kiasi gani?" Duane aliuliza, ingawa alijua.

"Elfu kumi na mbili na mia sita. Zilizobaki tulizimwaga kwenye lami, umesahau?"

Marlene alikuwa amekwisha kupiga hesabu pembezoni mwa daftari lake. "Elfu moja na mia nne kila mlango."

Phil alicheka bila furaha. "Haya, toka nje sasa hivi, kamwambie Bi Eckert akupe elfu moja na mia nne. Mama wa watu anakata vidonge vya presha vipande viwili ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Kamwambie, halafu urudi utuonyeshe alichokurushia."

Marlene alifunika hesabu yake kwa kiganja.

"Ila ipo njia," Phil alisema, akasogeza kiti. "Kifungu cha tisa cha sheria za chama. Mwenye nyumba akiharibu mali ya wote kwa matendo yake, gharama ni juu yake peke yake. Sasa niambieni, ni nani anayemwaga maji juu ya ukuta ule kila jioni ya Mungu?"

Wote watatu walimjua. Juu ya ukuta, nyuma ya namba thelathini na moja, kulikuwa na utepe wa ardhi ambao zamani ulikuwa nyasi tu. Familia ya Rizal, Wanepali waliotokea Bhutan, walipohamia pale, mama mkwe wa nyumba hiyo alizing'oa nyasi akapanda mboga za haradali, maboga na pilipili. Jina lake Dhan Maya. Alikuwa mfupi, mkimya, na bomba lake la kumwagilia lilikuwa la kijani.

"Wana miaka mitatu tu pale, Phil," Marlene alisema.

"Miaka mitatu ya maji ni maji mengi."

"Elfu hamsini na nane na mia nane, nyumba moja? Kijana yuko ghalani anapakia maboksi. Mkewe anawaogesha wazee kwenye nyumba ya kulea wazee. Watazitoa wapi?"

"Watakopa. Wakishindwa, nyumba tutaiwekea dai. Wakiuza, soko ni zuri sasa hivi." Phil aliinua mikono. "Sisemi kwa chuki, Marlene. Nasema ni nyumba moja au ni nyumba arobaini na mbili."

Marlene alimgeukia mumewe, akangoja. Walikuwa wameoana miaka arobaini na sita na Duane alikijua vizuri kinachongojwa. Alikuwa anatazama meza, pale palipobanduka rangi.

"Andika barua," Duane aliiambia meza. "Waje wajieleze kwenye mkutano mkuu."

Na Marlene, ambaye tangu shule alisifiwa kwa mwandiko wake, akaandika.

*

Aliipeleka mwenyewe siku hiyo hiyo mchana. Angeweza kuituma kwa posta, lakini ana kanuni zake: habari mbaya haipelekwi na mtu asiyehusika. Alipanda ngazi za saruji zenye nyufa, akagonga namba thelathini na moja.

Dhan Maya ndiye aliyefungua. Alimtambua, akatabasamu, na kabla Marlene hajasema neno mama yule alikwishatoka kwa mlango wa nyuma akarudi na fungu la majani ya haradali, udongo bado mbichi kwenye mizizi.

"Wewe kula," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Wali. Vitunguu saumu. Zuri."

Marlene akajikuta amesimama na mboga mkono mmoja na barua mkono wa pili. Ndipo mkwe mtu, Sabitra, aliposhuka ngazi za ndani akiwa na sare yake ya kazi, nywele bado zimelowa.

"Bi Marlene! Karibu, ingia. Chai iko jikoni."

"Siketi, mwanangu. Nimeleta hii."

Sabitra aliifungua pale pale. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akasoma tena kwa sauti, akimtafsiria mama mkwe sentensi baada ya sentensi, na Marlene akasikia maneno yake mwenyewe yakigeuka lugha asiyoijua, akaelewa tu namba. Ile namba haikutafsiriwa. Sabitra aliitamka kama ilivyo.

Dhan Maya hakulia wala hakuuliza. Alivaa kandambili, akatoka nyuma, akaufunga mfereji wa bomba kwa nguvu zake zote mpaka chuma kikalia. Halafu akainama akaanza kung'oa. Miche ya haradali, ya pilipili, miche ya maboga iliyokuwa na majani mawili mawili tu. Aling'oa mstari mzima bila kupumzika, akiitupa nyuma yake.

"Mama! Acha, mama!" Sabitra alimkimbilia, wakavutana mkono. Mama hakuacha.

Marlene alibaki mlangoni na mboga za watu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Sabitra alirudi akihema. "Bi Marlene, kule kazini wananiambia mwenye nyumba ana haki ya kuona vitabu vya chama. Nataka kuviona. Vya ukuta huo. Vyote."

"Unaandika ombi," Marlene alisikia sauti yake ikisema. "Siku kumi za kazi."

"Mkutano ni baada ya siku tisa."

"Ndiyo," Marlene alisema. "Ndivyo sheria ilivyo."

Sabitra akatikisa kichwa taratibu, akafunga mlango kwa adabu. Ungefungwa kwa kishindo ingekuwa afadhali.

*

"Umezipika?" Duane aliuliza jioni, akichungulia sufuria.

"Nizitupe? Chakula cha watu?"

Walikula kabichi na tambi za siagi kama kila Jumanne, na mboga za haradali pembeni. Duane hakuzigusa.

"Lisemwe basi," Marlene alisema. "Tuko wawili tu humu ndani."

"Lisemwe nini?"

"Ripoti, Duane."

Miaka minne iliyopita bodi ilimlipa mhandisi dola mia nane na hamsini aje kuutazama ukuta. Aliandika kurasa kumi na moja. Mataruma ya chini yameoza. Bomba la kutolea maji nyuma ya ukuta limezibwa na mizizi, na maji ya kilima kizima hayana pa kwenda. Ujengwe upya ndani ya miaka mitatu. Gharama wakati huo ilikuwa elfu thelathini na moja na mia tano, yaani dola mia saba na hamsini kila mlango. Bodi iliisoma kwenye meza hii hii, na kwa kuwa mkutano mkuu ulikuwa karibu na Duane alikwishaahidi kwamba hakuna atakayechangishwa, wakaiweka kando hadi kikao kijacho.

Kuweka kando si kosa. Chama kina utaratibu wake: jambo lililowekwa kando huandikwa chini ya mambo ya zamani, na katibu hulisoma kila kikao, kila kikao, mpaka mtu ainuke aseme limekwisha. Ni utaratibu mzuri sana. Una tundu moja tu. Katibu asipolisoma, hakuna mwingine atakayelikumbuka.

"Kikao kilichofuata tulikuwa tumetoka kumzika mzee Eckert," Duane alisema. "Mjane ameketi mstari wa mbele na kitambaa machoni. Nikakuomba uiruke siku ile. Siku ile tu, Mar."

"Nikairuka."

"Kwa huruma."

"Siku ile ilikuwa huruma. Zile zilizofuata zilikuwa nini?"

Duane alisukuma sahani. "Unataka nisimame mbele yao niseme nilijua? Unajua watakavyofanya? Watatushtaki. Nyumba hii ndiyo kitu pekee tulicho nacho. Phil anasema bima haimlindi mtu aliyeficha."

"Phil anasema! Phil alikuwa ameketi kiti hicho hicho!"

"Nimelipanda kila paa la mtaa huu!" Sauti yake ilipasuka. "Miaka kumi na moja! Nimeanguka mara mbili! Nimewahi kudai hata senti ya msumari?"

"Hukudai. Na mimi nakupenda kwa hilo, mzee wangu. Lakini mama wa watu ameng'oa bustani yake mbele ya macho yangu, na huo ukuta ulioza kabla hajafika Pennsylvania."

Duane alinyanyuka akaenda kusimama dirishani. Waswahili wamekwisha kusema kuhusu ufa na ukuta, sina haja ya kuwakumbusha. Ninachoweza kuongeza ni kwamba mwenye kuuona ufa ndiye anayelala chini ya ukuta. Chumba cha kulala cha Duane na Marlene kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye mataruma yale, na kwa miaka minne Duane alikuwa akilala upande wa dirisha.

*

Mvua ilianza Jumapili ikanyesha bila kukoma. Jumatano mchana Duane alitoka na koti la plastiki, akabeba mbao nene za kuegemezea ukuta. Alikuwa anajaribu kusimamisha ya kwanza, mguu ukiteleza matopeni, ilipotokea mikono ya pili ikaishika mbao upande wa juu.

Alikuwa Tika Rizal, mume wa Sabitra, bado na fulana ya ghalani.

"Wewe sukuma," Tika alisema. "Mimi nashika."

"Huna haja..."

"Sukuma, mzee. Itakuangukia."

Walisimamisha mbao sita bila mazungumzo mengine. Walipomaliza Duane alijifuta macho, akaenda kwenye timazi lake kwa mazoea tu, akapima. Tika alisimama nyuma yake akisoma ile safu ya namba za penseli kwenye uzio, kila moja na tarehe yake. Alisoma kwa kidole, kutoka juu hadi chini.

"Hapa," Tika alisema, kidole kwenye tarehe. "Siku hii mama aling'oa. Maji amefunga."

"Ndiyo."

"Na hapa ni leo." Kidole kikashuka. "Umesogea zaidi. Bila bustani, umesogea zaidi."

Mvua ilikuwa ikichuruzika kati ya mataruma, maji ya rangi ya chai, na hayakuwa yanatoka juu kwenye bustani. Yalikuwa yanatoka chini, tumboni mwa ukuta. Mtu asiyejua kusoma angeyaona.

"Ni mvua," Duane alisema.

Tika alimtazama kwa upole uliomuumiza Duane kuliko tusi. "Kesho nitakuja na tai," alisema. "Mke wangu amesema nivae tai." Akapanda zake kilimani.

Duane alibaki pale mpaka maji yakamwingia viatuni. Marlene alimwona kupitia dirisha. Hakumwita. Alikwenda kabatini, akashusha jalada la mwaka ule, akalitia kwenye mfuko wa kitambaa.

*

Mkutano mkuu hufanyika Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwenye ukumbi wa zimamoto, ambao mwezi wa nne bado unanuka samaki wanaokaangwa humo Ijumaa za Kwaresima. Viti vya kukunja, birika kubwa la kahawa, sahani ya biskuti ambayo kila mtu anaikwepa mpaka mwisho. Safari hii watu walikuwa wengi. Habari ya kwamba kuna mtu mmoja wa kulipa ilikwishaenea, na hakuna kinachojaza ukumbi kama bili ya jirani.

Akina Rizal waliketi mstari wa mbele. Tika na tai yake, Sabitra na kijitabu cha sheria za chama alichokitia alama kwa karatasi za manjano, na Dhan Maya katikati yao, vazi la kwao na sweta juu, mikono mapajani. Walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda kula kiapo cha uraia. Viti vya kulia na kushoto kwao vilibaki vitupu.

Duane aligonga kinyundo. "Akidi?"

"Ipo," Marlene alisema. "Nyumba thelathini na tatu."

"Kumbukumbu za kikao kilichopita."

"Natoa hoja zichukuliwe kuwa zimesomwa," Phil alisema huku akipanga karatasi zake.

Hoja hiyo hutolewa kila mwaka, na kila mwaka hupita kabla mtoaji hajafunga mdomo. Hakuna mtu Tannery Run aliyewahi kusikia kumbukumbu zikisomwa. Ni saa ya chakula, watu wana njaa.

"Kuna anayepinga?" Duane aliuliza, tayari anafunua ukurasa wa pili.

"Mimi," Marlene alisema.

Watu walicheka. Phil aliinua kichwa. "Katibu anapinga kumbukumbu zake mwenyewe?"

"Mwenye nyumba yeyote anaweza kupinga. Naishi namba ishirini na nne. Sidaiwi ada."

Alisimama. Alilitoa jalada mfukoni, na Duane akauona mgongo wake wa bluu. Aliujua mwaka.

"Hizi si za mwaka jana," Marlene alisema. "Ni za tarehe kumi na nne Machi, miaka minne iliyopita. Mambo ya zamani. Zilipaswa kusomwa kila kikao. Hazijasomwa hata mara moja."

"Yuko nje ya utaratibu!" Phil alisimama. "Mwenyekiti, mzuie. Duane! Mzuie mkeo."

Kinyundo kilikuwa mkononi mwa Duane. Pigo moja lilitosha. Mwenyekiti akisema jambo liko nje ya utaratibu, limekwisha, katibu hukaa chini, na mkutano huenda kwenye kifungu cha tisa. Kila mtu ukumbini alimtazama yeye. Marlene peke yake hakumtazama. Alianza kusoma kwa sauti ndogo.

"Kipengele cha nne. Bodi imepokea ripoti ya mhandisi kuhusu ukuta. Anasema mataruma ya chini yameoza..."

"Hatusikii huku!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Keti, Marlene," Phil alisema kwa sauti ya chini.

Duane alikiweka kinyundo mezani. Alikiweka taratibu, kichwa cha kinyundo kikielekea upande wa Phil, kama mtu anayeweka glasi iliyojaa.

"Soma kwa sauti, Mar," alisema. "Wa nyuma hawakusikii."

Akasoma. Alisoma mizizi na bomba lililoziba, miaka mitatu, elfu thelathini na moja na mia tano, dola mia saba na hamsini kila mlango. Alisoma: imeazimiwa kuweka kando hadi kikao kijacho. Alisoma majina ya waliokuwepo, yote matatu, la mumewe, la Phil na lake. Kisha akafunga jalada, akasema bila karatasi: "Kikao kilichofuata, tukiwa tumetoka kumzika mzee Eckert, niliombwa niiruke, nikairuka. Na vilivyofuata nikairuka bila kuombwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Sabitra alisimama.

"Sisi tulinunua nyumba mwezi wa sita wa mwaka uliofuata," alisema. Aliinama akaanza kumweleza mama mkwe, taratibu, na ukumbi mzima ukangoja. Dhan Maya alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kifupi.

Sabitra alinyoosha mgongo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti haikuyumba. "Mama anauliza, kwa hiyo mboga zake hazikuwa na kosa?"

Phil alitazama dari. Mtu mmoja alikohoa. Duane alisimama, mikono yote miwili juu ya meza.

"Hazikuwa na kosa," alisema. "Mwambie. Kosa lilikuwa letu, na langu la kwanza."

Ndipo ukumbi ukalipuka. Wapo waliosema washtakiwe, waliosema wafukuzwe, waliopiga hesabu kwa sauti ya tofauti kati ya mia saba na hamsini na elfu moja na mia nne. Lakini aliyemmaliza Duane ni Bi Eckert, aliyekuja mpaka mbele kwa fimbo yake, akasimama karibu naye kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti.

"Uliomba irukwe kwa sababu yangu?"

"Ulikuwa umetoka kumzika mzee, Bi Eckert. Sikutaka..."

"Wiki ile ndiyo niliyopata hela za bima ya marehemu. Wiki ile, Duane, mia saba na hamsini ningekupa na chenji nisiidai." Aligonga fimbo sakafuni. "Kila mwaka nakuletea keki. Nasema Mungu ambariki Duane, ada haipandi. Kumbe ulikuwa unanikopa mimi bila kuniambia."

Duane alikuwa na miaka kumi na moja ya mapaa na theluji, na haikumsaidia kitu.

Mkutano ulifuta barua ya akina Rizal kwa kura thelathini na moja. Ukapitisha mchango wa elfu moja na mia nne kila mlango, kwa awamu nne, huku watu wakilaani. Ukaiondoa bodi yote. Duane na Marlene walirudi nyumbani kwa miguu, na kwenye ngazi za saruji hakuna aliyewaambia usiku mwema.

"Umenivua nguo," Duane alisema walipofika mlangoni.

"Nimejivua na mimi."

Duane alitafuta funguo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na kama ningalikigonga kile kinyundo?"

"Ningeendelea kusoma."

"Nilijua," Duane alisema, akafungua mlango.

*

Jumamosi asubuhi Bi Eckert alikuja na kigari chake cha sokoni kuchukua majalada. Kiti cha ukatibu kilikuwa kimemwangukia yeye, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kulalamika na wa mwisho kuondoka. Hakuketi.

"Hundi nimeiona kwenye sanduku langu la barua," alisema. "Elfu moja na mia nne kamili, mchango wangu wote. Mmeuza nini?"

"Ile mashine ya Duane ya kusukuma theluji," Marlene alisema.

"Nimeipokea. Usidhani nasema asante. Ile si sadaka, ni deni."

"Ni deni."

Marlene alimpakilia majalada kumi na moja kwenye kigari, moja moja. Juu kabisa akaweka kumbukumbu za Alhamisi, alizoziandika Ijumaa kutwa kwa ule mwandiko wake mzuri, bila kuacha kitu, hata lile neno la Bi Eckert kuhusu kukopwa. Bi Eckert alivaa miwani akafunua ukurasa wa mwisho.

"Mambo ya zamani," alisoma. "Kipengele cha kwanza. Bustani ya namba thelathini na moja. Ukuta ukikamilika, chama kirudishe udongo na miche kwa gharama yake, na wanabodi watatu wa zamani waende kuomba radhi kwa miguu yao." Aliinua macho. "Hii nani aliiazimia? Mimi nilikuwepo, sikuisikia."

"Haijaazimiwa. Nimeiandika niliyoiandika. Wakitaka waipinge."

"Nayo niisome?"

"Kila kikao."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu ainuke aseme imekwisha," Marlene alisema. "Na asiinuke mtu wa nyumba hii. Ainuke yeye mwenyewe, mama mwenye mboga."

Bi Eckert alifikiri, akashusha midomo. Kisha akainua karatasi ikaribie miwani, akaisoma upya pale pale mlangoni, kuanzia juu, kwa sauti kubwa ya mtu anayejaribu kama inafika. Nyuma ya nyumba Duane alikuwa ameshatundika timazi lake. Alisimama akisikiliza, mkono umeshika uzi usiyumbe, mpaka Bi Eckert alipomaliza.